Kutembelea Ngome ya Kronborg: Anza na Bahari, Ndipo Uingie Ndani

Wengi wanaofika Copenhagen kwa masomo, mkutano au kumsalimia ndugu hutenga siku moja ya matembezi, na wenyeji huwaelekeza Kronborg, ngome kongwe ya mji wa Helsingør, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Sjælland, nchini Denmark. Ushauri ni mzuri. Shida iko kwenye namna ziara inavyofanyika: mtu anashuka kwenye treni, anakimbilia dirisha la tiketi, anapita chumba hadi chumba, anapiga picha mbili tatu na kurudi alikotoka. Ukimuuliza ngome ile ilijengwa ya nini, atakutajia Hamlet.

Hamlet ni mtu wa kwenye tamthilia ya Shakespeare, iliyowekwa kwenye ngome hii. Kilichoijenga Kronborg ni ushuru wa meli, uliokusanywa mahali hapo kwa zaidi ya miaka mia nne. Ukilielewa hilo kabla ya kuvuka daraja la kwanza, kila ukuta utakaouona baadaye utakuwa na maana. Ndiyo maana nimepanga hatua hizi kinyume na mazoea: bahari kwanza, vyumba baadaye.

Karatasi na maandalizi

Kwa anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, Denmark ni nchi ya viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku kumi na tano. Usingoje hizo siku kumi na tano. Kiangazi foleni za miadi huwa ndefu. Utahitaji bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000, taarifa ya benki, tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa pa kulala au barua ya mwenyeji wako. Viza hiyo hiyo inakuruhusu kuvuka kwenda Uswidi siku hiyo hiyo, jambo litakalokufaa mwishoni mwa mwongozo huu. Anayeishi tayari Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali cha ukaazi achukue kadi ya kibali pamoja na pasipoti.

Denmark haitumii euro. Pesa yao ni krone, ingawa utaishika kwa nadra, maana kadi ya benki inafanya kazi karibu kila mahali, hadi kwenye kibanda cha aiskrimu. Kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisha benki yako imeruhusu kadi kutumika nje ya nchi. Ni jambo dogo, lakini likikukwamisha mbele ya mashine ya tiketi siku nzima inaharibika.

Chagua msimu

Kiangazi, yaani Juni hadi Agosti, ndiyo wakati mzuri kuliko yote. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo huna haja ya kukimbizana na mwanga, na ngome hufunguliwa kila siku. Ubaya wake ni watu. Makundi ya mabasi hujaa kuanzia saa tano asubuhi, hivyo fika saa nne mlango unapofunguliwa, au subiri mchana upite.

Desemba na Januari ni jambo lingine. Jua huzama karibu saa kumi jioni, muda wa kufungua hupunguzwa, na Jumatatu za msimu wa baridi mlango kwa kawaida hufungwa. Hata hivyo, mtu mwenye koti la maana na asiyependa msongamano ataifurahia ngome zaidi wakati huo kuliko Julai. Msimu wowote utakaouchagua, angalia tovuti rasmi ya Kronborg usiku wa kuamkia safari. Bei na saa hubadilika kulingana na msimu, na tiketi ya mtandaoni inakuepusha na foleni.

Kuhusu mavazi: vaa viatu visivyoteleza, kwa sababu utatembea juu ya mawe ya kale, nyasi zenye umande na ngazi za mzunguko. Chukua koti la kuzuia upepo hata kama Copenhagen umeliacha jua likiwaka. Ngome imekaa kwenye ncha ya nchi kavu, na upepo wa mlango-bahari hauna kizuizi. Mwavuli uache nyumbani, utapinduliwa. Beba tochi, simu yenye chaji ya kutosha nayo inatosha.

Treni

Kutoka kituo kikuu cha Copenhagen, kinachoandikwa København H, treni za pwani kwenda Helsingør ni nyingi mchana kutwa na safari huchukua kama dakika 45. Unaweza pia kupandia Nørreport au Østerport. Helsingør ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo hakuna hatari ya kupitilizwa.

Nunua tiketi kabla ya kupanda, kwenye mashine au programu ya simu, na uhakikishe inafika Helsingør, maana nauli huhesabiwa kwa kanda. Tiketi ya kanda za mjini haikufikishi, na mkaguzi hasikilizi maelezo ya mgeni. Faini yake ni kubwa kuliko nauli na kiingilio vikijumlishwa. Kama una mpango wa kutembelea makumbusho kadhaa, piga hesabu ya Copenhagen Card. Inabeba usafiri wa eneo lote la mji mkuu hadi Helsingør pamoja na kiingilio cha Kronborg.

Kaa upande wa kulia treni inapoelekea kaskazini. Bahari itajitokeza mara mojamoja kati ya nyumba na miti. Ukiona mabehewa yenye alama ya ukimya, usipige simu humo. Wenyeji hulichukulia jambo hilo kwa uzito.

Kutoka kituoni: usikimbilie mlango

Ukitoka nje ya kituo utaiona ngome ng'ambo ya bandari: mapaa ya shaba yaliyogeuka kijani, minara, na kuta za jiwe la mchanga lenye rangi ya kahawia hafifu. Kwa miguu ni kama robo saa ukiizunguka bandari. Njiani utapita kwenye majengo ya kiwanda cha zamani cha kujenga meli, ambacho kilifanya kazi hadi 1983 na sasa ni kituo cha utamaduni. Mbele yake, ukingoni mwa maji, amekaa kijana wa chuma kinachong'aa kama kioo. Jina la sanamu hiyo ni Han, na iliwekwa 2012 kuijibu ile sanamu maarufu ya nguva ya Copenhagen. Mtazame usoni kwa uvumilivu, kwa sababu kuna mtambo ndani unaomfanya apepese macho mara mojamoja.

Ukishavuka madaraja ya nje, usifuate umati unaoelekea dirisha la tiketi. Panda kwenye kuta za nje upande wa bahari, pale ilipo mizinga. Sehemu hii haina kiingilio.

Simama kwenye mizinga, na uhesabu meli

Tenga nusu saa kwa ajili ya mahali hapa. Mbele yako ni Øresund, mlango-bahari unaotenganisha Denmark na Uswidi. Hapa ndipo unapokuwa mwembamba kuliko kwingine, kama kilomita 4 tu. Mji ule unaouona ng'ambo ni Helsingborg. Kushoto maji yanaelekea Bahari ya Kaskazini na Atlantiki. Kulia yanaingia Bahari ya Baltiki, kwenye bandari za Poland, Latvia, Estonia, Finland na Urusi. Kwa karne nyingi nafaka, mbao, lami ya meli, katani na chuma vya Baltiki vilipita hapa kwenda Uholanzi na Uingereza, na chumvi, mvinyo na vitambaa vikarudi kwa njia hiyo hiyo.

Miaka ya 1420 mfalme Erik wa Pomerania alijenga hapa ngome ya kwanza, iliyoitwa Krogen, na mwaka 1429 ushuru ulikuwa umeshaanza. Kila meli ya kigeni ilitakiwa kusimama Helsingør na kulipa. Upande ule wa pili nako kulikuwa na ngome ya Denmark, kwa kuwa hadi 1658 pwani zote mbili zilikuwa mikononi mwa mfalme mmoja. Nahodha hakuwa na pa kukwepea.

Mwanzoni kila meli ililipa kiwango kimoja. Mwaka 1567 mfalme Frederik II aligeuza utaratibu, ushuru ukaanza kutozwa kwa shehena. Swali likaja: nahodha akidanganya thamani ya mzigo wake? Jibu lao ndilo lililonifanya niipende historia ya mahali hapa. Mfalme alijipa haki ya kuununua mzigo kwa bei ile ile aliyoitaja nahodha. Ukisema mvinyo wako ni wa bei ya chini ili ulipe kidogo, mfalme anakulipa hiyo bei ya chini na kuuchukua wote. Ukiitaja bei ya juu, unalipa ushuru mkubwa. Hapakuhitajika kupekua kila pipa. Nahodha mwenyewe aliona faida ya kusema kweli. Mtu yeyote aliyewahi kungoja mzigo wake uthaminiwe forodhani Mombasa au Dar es Salaam ataelewa werevu uliomo humo.

Fedha hizo zilikwenda kwenye mfuko wa mfalme mwenyewe, si wa baraza la ufalme. Ndizo zilizolipia kuivunja Krogen ya kizamani na kujenga kasri unaloliona, kati ya 1574 na 1585, kwa ramani za mafundi wawili kutoka nchi za Flanders (Ubelgiji ya leo), Hans Hendrik van Paesschen na Anthonis van Obbergen. Jina Kronborg lilitolewa 1577. Daftari za ushuru hadi leo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa, zikiwa na kumbukumbu za safari za meli zipatazo milioni 1.8, na wanahistoria wa biashara ya Ulaya huzitumia kila siku. Ushuru wenyewe ulifutwa kwa mkataba wa 1857, baada ya Marekani kusema wazi kwamba haitalipa tena na mataifa mengine kukubali kuilipa Denmark fidia ya mara moja.

Sasa angalia chini ya miguu yako. Ukuta uliosimama juu yake haukujengwa mnyoofu. Pembe zake zimetoka nje kwa ncha zilizochongoka, ili mzinga wa pembe moja ulinde ubavu wa pembe nyingine. Huu ni mtindo wa Kiitaliano ulioenea duniani karne ya 16. Aliyewahi kupanda juu ya Fort Jesus ya Mombasa ataitambua mantiki hiyo mara moja. Ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, miaka michache tu baada ya Kronborg kukamilika. Zote mbili ziliwekwa kuchunga mlango wa maji wa kuingilia.

Fungua programu ya kufuatilia meli kwenye simu, uone kila meli inayokatiza mbele yako inatoka wapi na inakwenda wapi. Watoto hupenda sana zoezi hili. Ila washike mkono: kuta ziko juu na sehemu nyingine hazina kizuizi. Mizinga yenyewe si pambo tu, bado hupigwa siku za heshima za familia ya kifalme.

Ndani: usitegemee dhahabu

Sasa kata tiketi. Ukiingia uani utazungukwa na kuta nne za jiwe, na ukimya utakaokushangaza baada ya upepo wa nje.

Nikutahadharishe mapema: vyumba vingi vya Kronborg vina samani chache. Sababu zake zinajulikana. Usiku mmoja wa Septemba 1629 moto uliotokana na uzembe wa mafundi uliteketeza karibu kasri lote. Mfalme Christian IV akalijenga upya na kulimaliza 1639. Mwaka 1658 jeshi la Uswidi liliizingira ngome, likaiteka, na kuondoka na mali nyingi, pamoja na chemchemi kubwa ya shaba iliyokuwa katikati ya ua. Kisha kuanzia 1785 jeshi la Denmark likaigeuza kambi kwa zaidi ya karne moja, na askari hawakai kwenye mazulia. Anayetamani dari za dhahabu na vitanda vya kifalme aende Rosenborg, pale pale Copenhagen, au Frederiksborg mjini Hillerød. Kronborg ina mambo yake, na ni matatu ninayokusihi usiyapite haraka.

La kwanza ni ukumbi wa sherehe. Una urefu wa mita 62, na ulipokamilika 1582 hapakuwa na ukumbi mrefu kama huo kaskazini mwa Ulaya. Simama mwisho mmoja, uache wenzako watembee hadi mwisho wa pili. Hapo ndipo utakapopata kipimo chake. Frederik II alifanya karamu humu wakati manahodha waliokuwa wakizilipia wanangoja zamu kule chini bandarini. Agosti 1589 binti yake Anne aliozwa hapa Kronborg kwa James VI, mfalme wa Uskoti, huku bwana harusi akiwakilishwa na wakili. Dhoruba ikazirudisha meli zilizokuwa zikimpeleka bibi harusi, James akaona bora aje kumchukua mwenyewe, na majira ya baridi yale akafika hadi hapa. Miaka baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza pia.

La pili ni mazulia ya ukutani. Frederik II alimwagiza fundi Hans Knieper amfumie mazulia 40 ya sufu na hariri yanayoonyesha wafalme wa Denmark, wa kweli na wa hekaya. Mengi yamepotea. Saba yako hapa, na mengine yaliyosalia yako Makumbusho ya Taifa, Copenhagen. Sogea karibu kadiri kamba inavyoruhusu. Kwa mbali utaona mfalme tu, amesimama na silaha yake. Kwa karibu utaona nyuma yake wawindaji, wanyama, majani yaliyofumwa moja moja, na juu yake beti za kumsifu kwa Kijerumani. Usitumie mwanga wa kamera.

La tatu ni kanisa dogo lililo upande wa kusini wa ua. Lilizinduliwa 1582, na moto wa 1629 haukulimaliza kwa sababu lina dari ya matao ya mawe. Kwa hiyo unachokiona humo ndicho kilicho karibu zaidi na macho ya Frederik II: mbao zilizonakshiwa na kupakwa rangi, viti vyenye nyuso zilizochongwa mwishoni mwa kila safu, na jukwaa la juu alipokaa mfalme. Pitisha macho kwenye zile nyuso moja moja, hakuna mbili zinazofanana. Watu bado hufunga ndoa hapa, basi ukikuta mlango umefungwa kwa muda, rudi baadaye.

Katika vyumba vya kifalme mkumbuke pia Caroline Mathilde, dada wa mfalme George III wa Uingereza, aliyeolewa na Christian VII, mfalme wa Denmark, akiwa na miaka 15. Mapema 1772 alikamatwa kwa uhusiano wake na daktari wa mumewe, Struensee, akafungwa Kronborg hadi mwisho wa Mei, kisha akapelekwa Celle, Ujerumani. Watoto wake alitenganishwa nao. Alifariki 1775, umri wake miaka 23.

Kama magoti yanakuruhusu, panda mnara wa mizinga. Ngazi zake ni za mzunguko, nyembamba, zaidi ya mia moja, na juu utauona mlango-bahari wote kwa mtazamo mmoja. Mwenye shida ya kutembea au kigari cha mtoto aulize mapokezi kwanza sehemu zinazofikika. Hili ni jengo la karne ya 16, na lifti si za kutegemea.

Chini ya ardhi

Vyumba vya chini ya kuta vilikuwa maghala na makazi ya askari wakati wa kuzingirwa. Washa tochi. Sakafu haina usawa, dari sehemu nyingine ni fupi, na baridi yake ni ile ile Julai na Januari. Mtoto anayeogopa giza usimlazimishe.

Mbele kidogo amekaa Holger Danske, sanamu kubwa ya shujaa aliyelala. Amekunja mikono kifuani, upanga mapajani, ngao ubavuni, kichwa kimeinama, na ndevu zimeteremka hadi chini. Wadenmark husimulia kwamba nchi yao ikiwa hatarini ataamka. Wakati wa uvamizi wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, kundi moja la wapinzani wa siri lilichukua jina lake. Wenyeji huwaleta wajukuu wao hapa na kuwasimulia kwa sauti ya chini. Waachie nafasi wamalize ndipo upige picha yako.

Habari ya Hamlet, kwa ufupi

Asili ya kisa hiki ni hadithi ya Amleth, aliyoiandika Saxo Grammaticus, mwanahistoria wa Denmark, karibu mwaka 1200, na yule hakuhusiana na Helsingør. Alikuwa mtu wa Jutland, rasi ya magharibi mwa Denmark. Shakespeare ndiye aliyekileta hapa. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kufika mwenyewe, lakini mwaka 1586 kundi la waigizaji wa Kiingereza lilifanya kazi kwenye kasri la Frederik II. Watatu kati yao, Will Kempe, Thomas Pope na George Bryan, baadaye walikuwa katika kundi la Shakespeare. Mabaharia Waingereza waliolipa ushuru nao walilijua vizuri jina la mji. Mwaka 1816, kuadhimisha miaka 200 ya kifo cha Shakespeare, askari wa kambini waliicheza tamthilia ndani ya ngome, na desturi haijafa. Kiangazi waigizaji huzunguka vyumbani wakicheza vipande vyake kwa Kiingereza. Ukimkuta mtu mwenye fuvu mkononi anakujia, yuko kazini, simama umsikilize.

Makumbusho ya bahari, hatua chache kando

Kabla ya kurudi mjini, ingia kwenye Makumbusho ya Bahari ya Denmark. Tiketi yake ni tofauti. Yalifunguliwa 2013, na kampuni ya mchoraji majengo Bjarke Ingels iliyaficha ardhini, kuzunguka chelezo ya zamani ya kukarabati meli, ili yasizibe sura ya ngome. Utashuka kwa madaraja yenye mteremko ndani ya shimo lenye umbo la meli.

Ingia ukijua kwamba bahari hii haikuishia Baltiki. Denmark ilikuwa na ngome kwenye pwani ya Ghana ya leo, kubwa kuliko zote ikiwa Christiansborg mjini Accra, na kutoka huko meli zake zilisafirisha Waafrika zaidi ya 100,000 kwenda utumwani, wengi wao kwenye mashamba ya miwa ya visiwa vya St. Croix, St. Thomas na St. John katika Karibi. Sheria ya kuzuia meli za Denmark kusafirisha watumwa ilitolewa 1792 na kuanza kutumika 1803, na hata hivyo watu waliokwisha kufikishwa visiwani walibaki watumwa hadi 1848. Visiwa vyenyewe viliuzwa kwa Marekani 1917. Mwafrika anayetembea kati ya modeli za meli na vikombe vya chai kutoka China ana haki ya kuuliza sukari ya chai ile ilitoka wapi. Waulize wahudumu, na uulize bila woga. Sehemu za meli za kisasa nazo zitakugusa: kontena za Maersk zinazopakuliwa Mombasa na Dar es Salaam ni za kampuni iliyoanzia nchi hii mwaka 1904.

Chakula na sala

Kula Denmark ni ghali. Njia nafuu ni kubeba mikate na matunda kutoka Copenhagen na kula kwenye nyasi za kuta za nje. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako. Ukitaka chakula cha moto, karibu na kiwanda cha zamani cha meli kuna soko la vyakula lenye vibanda vya mataifa mbalimbali. Kwa asiyekula nguruwe, neno la kulitafuta kwenye orodha ni svinekød, na flæsk nayo ni nyama hiyo hiyo. Fisk ni samaki, kylling ni kuku, okse ni ng'ombe. Soseji usizichukulie kuwa ni za ng'ombe mpaka uulize.

Kwa Waislamu, nyakati hapa hubadilika sana. Juni Adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana na Isha huchelewa mno. Desemba Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zitakukuta ziarani, kwa hiyo pakua ratiba ya Helsingør mapema. Nyasi za kuta za nje zina nafasi tulivu, na hakuna atakayekusumbua.

Ukiwa na saa mbili za ziada

Pita kwenye mitaa ya zamani ya Stengade na Strandgade, uone nyumba zilizojengwa kwa faida iliyoletwa na ushuru: mawakala, wauza vyakula vya meli, wakalimani. Kanisa la Sankt Mariæ limeungana na nyumba ya watawa iliyoanzishwa 1430, na kanisani humo mtunzi wa muziki Dieterich Buxtehude alikuwa mpiga kinanda kuanzia 1660 hadi 1668.

Au vuka bahari. Kivuko cha kwenda Helsingborg kinaondoka karibu kabisa na kituo cha treni, mara nyingi kwa siku, na safari ni dakika 20. Simama nje, upande unaotazama ngome. Pasipoti iwe mfukoni, kwani ukaguzi unaweza kufanyika wakati wowote. Ng'ambo utaukuta Kärnan, mnara uliobaki wa ile ngome ya pili ya Denmark. Uswidi nao wana krona yao, tofauti na ya Denmark, lakini kadi inatosha.

Huna haja ya kurudi na kivuko. Treni za kutoka Helsingborg hupita Malmö na kuvuka daraja la Øresund, lililofunguliwa 2000, hadi kituo kikuu cha Copenhagen. Ukichagua njia hiyo, usinunue tiketi ya kwenda na kurudi Helsingør asubuhi. Nunua ya kwenda tu, kisha ya kutoka Helsingborg hadi Copenhagen ukiwa upande wa Uswidi, na uiweke karibu pamoja na pasipoti hadi utakaposhuka.